Usimwachie pasta kazi ya kukusomea Biblia

Kijana mwenzetu, hebu tuanze na swali. Mara ya mwisho ulifungua Biblia wewe mwenyewe, bila mtu kukutajia sura na mstari, ilikuwa lini? Hatuulizi kuhusu mstari uliouona kwenye status ya rafiki yako. Hatuulizi kuhusu klipu ya mhubiri uliyoipata TikTok ukingoja chai ichemke. Tunauliza kuhusu wewe, kitabu na muda kidogo wa kimya.

Kama jibu lako ni "sikumbuki," hauko peke yako. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Ukipita Kayole, Githurai au Pipeline Jumapili asubuhi, utasikia spika za kanisa moja zikishindana na za jirani yake. Wahubiri tunao, kwaya tunazo, makesha ya Ijumaa tunayo, na paybill za sadaka tunazo tele. Lakini wengi wetu tukitoka pale kanisani saa saba mchana, tunaiacha imani kwenye kiti na kuikuta hapo hapo wiki inayofuata.

Tunachotaka kusema leo ni hiki: ibada ya kila siku, hata ikiwa ya dakika kumi tu, si kazi ya watawa na wazee wa kanisa. Ni kinga yako. Kijana ambaye imani yake yote iko mikononi mwa mtu anayeshika maikrofoni Jumapili anaweza kupelekwa popote na mtu huyo. Na hapa Kenya tumeona mahali watu wanaweza kupelekwa.

Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa na miili zaidi ya 400 ikapatikana, mingi ikiwa ya watoto. Upande wa mashtaka unasema waumini walishawishiwa wafunge kula na kunywa hadi wafe, ili wakamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walikanusha mashtaka walipofikishwa kortini. Mwaka 2025, makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo. Tulidhani tumejifunza, kumbe bado.

Ni rahisi kukaa Nairobi na kusema, "Hao walikuwa washamba, mimi siwezi." Usijidanganye. Miongoni mwa walioingia msitu ule walikuwemo watu waliosoma, watu waliokuwa na kazi za mshahara, watu waliouza mali yao na kusafiri kutoka kaunti za mbali. Kwa simulizi za jamaa zao na za walionusurika, mambo hayakuanza na njaa. Yalianza na mahubiri ya kawaida. Kisha wakaambiwa shule ni mbaya, watoto wakatolewa shuleni. Kisha hospitali ikawa mbaya. Kisha ndugu na jamaa waliouliza maswali wakawa maadui. Kufunga kulikuja mwisho, wakati hakukuwa tena na mtu wa kuuliza.

Na hao watu walikuwa na Biblia. Hilo ndilo linalofaa kutusumbua. Kumiliki kitabu si sawa na kukisoma, na kukisoma vipande vilivyochaguliwa na mtu mmoja si sawa na kukisoma chote. Aliyesoma Injili ya Marko kuanzia mwanzo hadi mwisho anamjua Yesu aliyewalisha wenye njaa, aliyewaponya wagonjwa na aliyewakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto kumkaribia. Akija mtu kumwambia kwamba Yesu huyo huyo anataka mtoto anyimwe chakula, moyo wake utakataa kabla hata hajapata maneno ya kujibu.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kina habari ya watu wa mji wa Beroya. Paulo na Sila walifika huko wakahubiri. Watu wale waliwapokea vizuri, lakini hawakukubali kila kitu papo hapo. Waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama yale waliyoambiwa yalikuwa kweli. Mwandishi hakuwaita wakaidi wala watu wasio na imani. Aliwasifu. Sasa fikiria: huyo ni Paulo, mtu ambaye barua zake zimo ndani ya Biblia, na bado wasikilizaji wake walimkagua. Kwani pasta wako ni nani hata asikaguliwe? Mchungaji mwema hataogopa swali lako. Atafurahi kwamba kuna mtu aliyesikiliza.

Nafasi hiyo ya kujisomea haikuja hivi hivi. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alimzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka huo huo, na bado akaketi na wazee wa pwani kujifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Wengine walifuata, Wazungu na Waafrika, mmoja baada ya mwingine. Biblia nzima ya Kiswahili cha Muungano ilitoka mwaka 1952. Baadaye, miaka ya 1990, ikaja Biblia Habari Njema yenye lugha nyepesi zaidi. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka mia moja, na lengo lake lilikuwa moja: wewe usome bila kungoja mtu akufafanulie kila neno. Leo kazi hiyo yote imo kwenye simu yako, bila malipo, na unaweza kuipakua ikakaa hapo hata bando ikiisha.

Tunajua utatuambia nini. "Sina time. Mimi hutoka keja saa kumi na moja asubuhi, narudi saa tatu usiku nimechoka kama punda." Ni kweli. Maisha ya mjini ni magumu na hatutakuambia uamke saa tisa usiku uombe saa mbili. Lakini kusema ukweli, muda wa kupitia simu tunao. Matatu ikikwama Thika Road au ikitambaa kutoka Rongai, wengi wetu tunakuwa tumeshaangalia video thelathini kabla hatujafika mjini. Dakika kumi za hapo zinatosha.

Anza na Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16 pekee. Sura moja kwa siku, wiki mbili na siku mbili umemaliza. Baada ya hapo nenda Mithali, ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi. Ukiruka siku, usijilaumu wala usijaribu kulipa deni la sura tano. Soma ya leo. Zaburi ni 150, na hizo ni maombi ya watu waliofurahi, waliokasirika, waliosalitiwa na waliokata tamaa. Ukiwa na siku mbaya, huko utakuta mtu aliyeshamwambia Mungu maneno makali kuliko yako, na Mungu hakumfukuza.

Ukimaliza kusoma, jiulize mambo matatu. Hapa nimejifunza nini kuhusu Mungu? Nimejifunza nini kujihusu mimi? Leo, kabla ya jioni, natakiwa kufanya nini? Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalotofautisha ibada na kusoma gazeti.

Kisha omba. Usiige sauti ya mhubiri wa redio. Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, aliwaonya watu wanaodhani watasikilizwa kwa sababu ya wingi wa maneno, akawaambia waingie chumbani wafunge mlango. Kama unaishi bedsita ya watu watatu, chumba chako kinaweza kuwa kiti cha nyuma cha basi na kofia ya hudi. Ongea lugha unayoota nayo: Kiswahili, Kikamba, Dholuo, hata Sheng. "Mungu, kodi imefika na sina doo, na naogopa" ni sala kamili. Haihitaji mapambo.

Lakini usiishie peke yako. Kusoma peke yako bila mtu wa kukurekebisha nako kuna hatari yake, kwa sababu kila mtu anaweza kujichagulia mistari anayoipenda akajijengea dini ya kwake. Tafuta watu watano au sita mnaoweza kusoma pamoja mara moja kwa wiki. Kama uko chuoni, CU ipo. Kama wewe ni Mkatoliki, jumuiya ndogondogo zipo mtaani kwako. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo tangu miaka ya 1970 wakijua kwamba muumini akijulikana tu kwa namba ya kiti, siku atakayopotea hakuna atakayegundua. Shosho wako pengine anajua habari za Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda hadi kwetu Kenya miaka ya 1930. Nguvu yake haikuwa majengo wala spika. Ilikuwa watu wa kawaida, wengi wao bila cheo chochote kanisani, waliokutana kila wiki, wakaambiana ukweli kuhusu maisha yao na kuombeana kwa majina.

Kikundi kizuri utakitambua hivi: unaweza kuuliza swali bila kuonekana muasi, unaweza kukosa mkutano bila kutishwa kwa laana, na unaweza kwenda hospitali bila kuambiwa imani yako ni ndogo. Kama unapitia msongo wa mawazo hadi huoni sababu ya kuishi, zungumza na Mungu, na pia zungumza na daktari au mshauri. Luka, ambaye jina lake liko kwenye Injili ya tatu, anatajwa katika barua ya Paulo kama tabibu. Paulo hakuona aibu kutembea na daktari, nawe usione.

Sasa tuje kwa jambo linalowakera vijana wengi: pesa za wanasiasa madhabahuni. Unajua mambo yanavyokwenda. Mheshimiwa anafika na msafara wakati mahubiri yamefika katikati, kwaya inasimama, anapewa maikrofoni. Anataja mistari miwili, anawapiga vijembe mahasimu wake, kisha anataja kiasi cha pesa na kanisa zima linapiga makofi. Anayeuliza pesa hizo zimetoka wapi anaambiwa ana roho ya uasi.

Msomaji wa Biblia wa kila siku tayari ameshakutana na mtu kama huyo. Matendo sura ya 8 inasimulia habari za Simoni, aliyewaletea mitume fedha ili auziwe uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro hakumpigia makofi wala kumwita mfadhili. Alimkemea yeye na fedha zake. Kijana aliyesoma sura hiyo Jumatano kwenye matatu hatapiga makofi kwa haraka Jumapili.

Na si wahubiri wote wamenyamaza. Septemba 2021, wakati wa kutawazwa kwa Rose Okeno wa Butere, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi katika Kanisa la Kianglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubu. Walikuwepo viongozi wakubwa wa nchi, na wakaketi kama waumini wengine. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alikataa mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto, uliozidi Sh2 milioni, akaagiza urudishwe. Unaweza kutokubaliana na maaskofu hao kwa mambo mengine, lakini katika hili walionyesha kwamba kanisa linaweza kusema hapana na bado likafungua milango Jumapili inayofuata.

Hata hivyo, uamuzi wa askofu hautoshi ikiwa walio kwenye viti wanatamani bahasha. Baada ya Shakahola, serikali iliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na ripoti yake ikapendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Sheria nzuri zinahitajika. Lakini hakuna sheria itakayokaa karibu nawe Jumapili ikuambie kwamba "mbegu" unayoombwa kutuma kwa paybill ni ya kodi ya nyumba ya pasta mwenye gari kuliko lako. Hilo utaligundua mwenyewe ikiwa unajua Mungu hauzi baraka. Na kanisa lako likiwa na mkutano mkuu wa mwaka ambapo hesabu za fedha husomwa, hudhuria. Vijana tunapenda kulalamika mtandaoni kuhusu sadaka, lakini siku ya hesabu wanaokuja ni wazee watupu.

Kuna wale watakaosema, "Mimi nilishatoka. Kanisa ni biashara." Tunawaelewa. Wengine wameumizwa na viongozi waliowaamini, na hatutawaambia warudi pale pale palipowaumiza. Lakini kabla hujaandika kwamba kanisa lote ni biashara, kumbuka historia nyingine ya mji huu. Mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru Park, wakidai wana wao waachiliwe, na Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi waliwavamia, wakawapiga na kuwatawanya. Akina mama hao walikimbilia kanisa kuu la All Saints, hatua chache kutoka hapo, na wakaishi katika sehemu ya chini ya jengo hilo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Julai 1997, polisi waliingia kanisa hilo hilo na kuwapiga watu waliokusanyika kudai mageuzi ya katiba, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwa waliojeruhiwa.

Kwa hiyo Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kuyauliza makanisa, "Nyinyi mko upande gani?" hawakuwa wanaleta swali geni. Walikuwa wanaliuliza kanisa kama bado linakumbuka wageni liliowalaza mwaka 1992. Wanaoweza kudai jibu la swali hilo ni wale waliobaki ndani na wanaojua kilichoandikwa katika kitabu ambacho mhubiri anakishika.

Ila tusikosee. Ibada ya kila siku haiishii kumkagua pasta na mwanasiasa. Ikiishia hapo, imekuwa udaku wenye mistari ya Biblia. Nabii Amosi aliwaambia watu wa siku zake kwamba Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo zao kwa sababu nje ya ibada walikuwa wanawaonea maskini. Kitabu chake kina sura tisa tu, na ukikisoma utaanza kujifikiria. Je, umemlipa mama mboga deni lake la wiki jana, au unapitia njia nyingine? Kazini, unamtoza mteja bei ya haki? Ukisimamishwa barabarani, unatoa kitu kidogo haraka ili uwahi kesha? Msichana unayemwambia mmewekwa pamoja na Mungu, anajua kuhusu yule mwingine wa Ongata? Kama dakika zako kumi za asubuhi hazigusi mambo kama hayo, ongeza ukweli kwenye maombi kabla ya kuongeza muda.

Hutabadilika kwa siku moja. Kuna asubuhi utasoma na usihisi chochote. Kuna wiki utasahau kabisa. Danieli alikuwa na desturi ya kuomba mara tatu kwa siku muda mrefu kabla ya kutupwa kwenye tundu la simba. Sheria mbaya ilipopitishwa, alifanya tu kile alichokizoea. Mazoea yanajengwa siku za kawaida, siku ambazo hakuna simba. Ukingoja hadi ufiwe, ufutwe kazi au ushawishiwe na mhubiri mwenye maneno matamu ndipo uanze kutafuta Mungu anasema nini, utakuwa unatafuta ukiwa na hofu, na mwenye hofu hudanganywa upesi.

Kwa hivyo, fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua WhatsApp, fungua Marko sura ya 1. Karibu na mwisho wa sura hiyo utamkuta Yesu akiamka alfajiri, kukiwa bado giza, akaenda mahali pa faragha kuomba, na jana yake alikuwa amefanya kazi hadi usiku watu wakijazana mlangoni. Kama yeye mwenye shughuli zote hizo alihitaji saa hiyo, sisi ni akina nani? Soma hadi mwisho na uandike swali moja ambalo hukulielewa. Jumapili, ibada ikiisha, usikimbilie nje. Mfuate mchungaji wako, msalimie kwa heshima, umuulize swali hilo. Sikiliza anavyokujibu, kisha urudi nyumbani uangalie tena.